Namna ya Kupima Uwezo wa Daraja kwa Malori ya Majaribio: Mwongozo Kamili

Ripoti nyingi za upimaji wa madaraja huharibika mahali pamoja. Timu huleta lori la tani 30, hulivusha, huona kwamba daraja halikupasuka wala kuvunjika, kisha huandika kwamba daraja lina uwezo wa kubeba tani 30. Lori hilo limethibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba siku hiyo, kwa mwendo ule na kwenye mstari ule, lilivuka salama.

Jaribio la mzigo halipimi nguvu za daraja moja kwa moja. Linapima jinsi daraja linavyonepa na kunyooka chini ya mzigo unaojulikana barabara, na uwezo hupatikana baadaye, kwa kulinganisha vipimo hivyo na hesabu zilizofanywa kabla ya lori la kwanza kufika. Asiyekuwa na hesabu hana cha kulinganisha, hata akiwa na vifaa vya thamani kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa wahandisi na mafundi sanifu. Jaribio lenyewe lisimamiwe na mhandisi wa miundo mwenye idhini, na barabara ifungwe kwa kibali cha mamlaka inayomiliki daraja.

## Aina mbili za jaribio

Jaribio la uchunguzi hutumia mzigo wa kawaida, chini ya kiwango ambacho hesabu inakiona kuwa salama, ili kujua daraja linagawaje mzigo na kama hesabu inalionea. Jaribio la uthibitisho hupandisha mzigo hatua kwa hatua hadi kiwango kilicholengwa, juu kabisa ya mzigo wa kila siku, ili kuthibitisha kwamba daraja linaufikia bila dalili ya kuumia.

Anza na la kwanza. La pili lina hatari kubwa zaidi, na hufaa hasa pale ambapo michoro imepotea na nondo zilizomo ndani ya zege hazijulikani. Hatua 1 hadi 8 zinaeleza jaribio la uchunguzi; la uthibitisho lina sehemu yake mwishoni.

## Vifaa vinavyohitajika

- Michoro ya daraja, au vipimo vya boriti na sakafu vilivyochukuliwa upya kwa mkono.
- Malori mawili ya tipa yenye shehena isiyobadilika uzito, pamoja na mizani ya kubebeka inayopima kila ekseli.
- Geji za streni, yaani vifaa vinavyopima kurefuka na kufupika kwa chuma au zege, pamoja na kinasa data kinachoonyesha grafu papo hapo.
- Geji za mnepo, yaani kiasi ambacho boriti inashuka ikibeba mzigo, za kufungwa chini ya boriti, au levo ya upimaji yenye usahihi wa kutosha.
- Vipimajoto vya hewa na vya chuma chenyewe.
- Kipima upana wa nyufa, rangi, chaki, futi ya kamba na redio za mkononi.
- Jukwaa au ngazi salama za kufikia chini ya daraja, na vifaa vya kufunga barabara.

Mchanga uliolowa mvua baada ya lori kupimwa si shehena ile ile tena. Ufunike kwa turubai au tumia kokoto kavu.

## Hatua 1: Kagua daraja na uamue kama linafaa kujaribiwa

Pita kila boriti, kila egemeo (mahali boriti inapokalia) na kila kiungo, ukiandika kutu, nyufa, rivati zilizolegea na mahali ambapo bamba limepungua unene. Weka alama kwenye mwanzo na mwisho wa kila ufa, pamoja na tarehe, ili ufa mpya usije ukachanganywa na wa zamani.

Yapo madaraja ambayo hayafai kujaribiwa kwa mzigo. Daraja ambalo udhaifu wake unaweza kuleta kuvunjika kwa ghafla halitoi onyo: zege inayoshindwa kwa mkato (nguvu inayotaka kuikata boriti) karibu na egemeo, chuma chenye ufa wa uchovu (unaoletwa na mizigo inayojirudia), au boriti ambayo nyaya zake za kukazia zimeliwa na kutu kwa ndani. Grafu yaweza kuwa imenyooka hadi sekunde ya mwisho.

Jaribio pia halioni kile ambacho hakijafungwa geji. Daraja la I-35W mjini Minneapolis lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, na chanzo chake kilikuwa bamba za kuunganishia zilizosanifiwa zikiwa nyembamba mno. Geji katikati ya boriti za sakafu zisingesema lolote kuhusu bamba hizo. Vivyo hivyo, daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York liliporomoka mwaka 1987 kwa sababu mafuriko yalichimba udongo chini ya nguzo. Kama msingi una shaka, malori hayatakupa jibu. Tuma wapimaji wa chini ya maji.

Hatua imekamilika unapoweza kutaja kwa maandishi ni kiungo gani kinachotarajiwa kushindwa kwanza, na kwamba kushindwa kwake kutatanguliwa na dalili zinazoonekana.

## Hatua 2: Fanya hesabu kabla ya kwenda

Kokotoa uwiano wa uwezo wa kila kiungo muhimu: nguvu iliyobaki baada ya kuondoa uzito wa daraja lenyewe, ikigawanywa kwa athari ya gari la kanuni (gari la mfano ambalo kanuni za madaraja huagiza litumike katika hesabu) pamoja na nyongeza ya mtikiso. Uwiano wa 1.0 au zaidi maana yake gari hilo linaruhusiwa. Chini ya hapo, daraja linahitaji kibao cha kupunguza uzito, au jaribio.

Kisha kokotoa streni na mnepo unaotarajiwa kwenye kila geji, kwa lori halisi utakalotumia, na uandike namba hizo katika jedwali lenye safu tupu pembeni kwa ajili ya vipimo. Jedwali hilo ndilo litakalokuonya uwanjani. Ikiwa boriti ilitarajiwa kusoma maikrostreni 240 (yaani sehemu 240 kwa milioni) na lori lililojaa nusu tayari limeleta 230, hutahitaji kikao kujua kwamba kazi isimame.

Kwa chuma, maikrostreni 100 ni mkazo wa takriban megapaskali 20. Ikariri namba hii, maana utaitumia siku nzima.

## Hatua 3: Pima malori, ekseli kwa ekseli

Uzito wa jumla peke yake hautoshi. Chukua uwazi wa mita 15 kati ya egemeo na egemeo. Lori la tani 25 lenye ekseli ya mbele ya tani 6, ikifuatiwa baada ya mita 4 na ekseli mbili za tani 9.5 zilizoachana kwa mita 1.3, likisimama ekseli yake ya kati ikiwa katikati ya uwazi, hupinda daraja kwa momenti (nguvu ya kupinda) ya karibu tani-mita 75.6. Tani 25 hizo hizo zikigawanywa sawa katika ekseli mbili zilizoachana kwa mita 10 haziwezi kuzidi takriban tani-mita 47 mahali hapo. Uzito ni mmoja, lakini athari zinatofautiana kwa zaidi ya theluthi.

Kwa hiyo pima kila ekseli, pima umbali kati ya ekseli, na pima upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Pima tena malori jioni. Stakabadhi ya machimbo ya kokoto si kipimo.

Chagua uzito ambao athari yake ni zaidi ya asilimia 70 ya athari ya gari la kanuni unalotathmini, ilimradi hesabu ya Hatua 2 inauruhusu. Chini ya asilimia 40, matokeo yako hayatakubalika kuongeza uwezo wowote. Sababu itaonekana katika Hatua 8.

## Hatua 4: Funga geji mahali zinapojibu swali

Katikati ya uwazi, funga geji mbili kwenye kila boriti, si moja: moja chini kabisa, nyingine karibu na sakafu. Geji ya chini hukuambia ukubwa wa mzigo, na zote mbili kwa pamoja hukuambia boriti inaubebaje. Kisha funga geji nyingine kwenye ubapa wa chini karibu na egemeo. Wengi huiruka hii ya tatu, nami naiona kuwa ya lazima, kwa sababu ndiyo pekee inayofichua egemeo lililoshikwa na kutu.

Juu ya chuma, kwangua rangi hadi chuma kimeremete. Juu ya zege iliyokwisha kupasuka, tumia geji ndefu inayovuka nyufa kadhaa. Geji fupi ikikaa katikati ya nyufa mbili husoma karibu na sifuri, na ikikaa juu ya ufa husoma namba ya kutisha. Zote mbili ni uongo.

Mnepo upimwe kutoka kwenye stendi isiyogusa daraja wala jukwaa linalotikiswa na malori. Panapo maji chini, tumia levo ukiwa ukingoni. Usisahau kupima mnepo wa maegemeo pia, kwa sababu maegemeo ya mpira hubonyea: katikati pakishuka milimita 6.8, na maegemeo mawili yakishuka 0.9 na 0.5, mnepo halisi wa boriti ni milimita 6.1.

Hatua imefaulu ikiwa lori tupu, likipita polepole, linaifanya kila geji ipande na kurudi kwa upande uliotarajiwa. Geji inayokwenda kinyume ama imefungwa juu chini, ama inakufundisha jambo kuhusu daraja. Jua ni lipi kabla ya kuendelea.

## Hatua 5: Chagua saa na uhakikishe sifuri

Chuma hurefuka kwa takriban maikrostreni 12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Badiliko la nyuzi 10 ni maikrostreni 120, kiasi kinachoweza kulingana na athari ya lori zima. Geji zinazofidia joto hupunguza tatizo bila kulimaliza, kwa kuwa jua hupasha boriti ya pembeni na kuiacha ya katikati ikiwa baridi.

Fanya jaribio usiku, alfajiri au siku ya mawingu. Kabla ya kupakia, rekodi geji zote kwa nusu saa bila gari lolote juu ya daraja. Ikiwa mstari wa sifuri unateleza kwa kasi inayoweza kuharibu vipimo, subiri. Na kila lori likitoka darajani, soma sifuri upya. Usomaji wa lori usiokuwa na sifuri kabla na baada yake nautupa bila kuujadili.

## Hatua 6: Pakia kwa awamu

Chora mistari ya magurudumu kwa rangi, na alama za kusimama kwa ekseli. Dereva aongozwe na mtu mmoja tu, kwa redio. Asiwepo mtu chini ya daraja wakati lori liko juu.

1. Pitisha lori lenye nusu shehena kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenye kila mstari. Linganisha na jedwali.
2. Pitisha lori lililojaa kwa mwendo huo huo, mara mbili kwa kila mstari. Grafu mbili za mstari mmoja zikitofautiana waziwazi, tafuta sababu kwanza.
3. Lisimamishe kwenye alama hadi usomaji utulie, kisha liondoe.
4. Fanya vivyo hivyo kwa lori la pili peke yake.
5. Weka malori yote mawili kwa pamoja, ubavu kwa ubavu, ikiwa awamu zilizotangulia zilikuwa safi.

Awamu ya tano ina faida ambayo watu huisahau. Usomaji wa lori la kwanza ukijumlishwa na wa lori la pili unapaswa kulingana na usomaji wa malori yote mawili. Ukilingana, daraja linafuata sheria ya mstari mnyoofu, yaani athari hupanda sawia na mzigo, na hesabu zako zina mguu wa kusimamia.

Simamisha jaribio mara moja ukiona lolote kati ya haya: streni au mnepo unaongezeka kwa kasi kuliko mzigo, usomaji unaendelea kupanda ilhali lori limesimama, sifuri hairudi, ufa mpya umetokea au wa zamani umeongezeka, egemeo limeteleza, au kuna mlio wa kupasuka. Mamlaka ya kusimamisha awe nayo mtazamaji wa grafu, wala asihitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kuhusu kurudi kwa sifuri, kanuni ya ACI 318 ya Taasisi ya Zege ya Marekani, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo ya zege, hudai mnepo, ukizidi kikomo kilichowekwa, urejee kwa walau robo tatu ndani ya saa 24 baada ya mzigo kuondolewa. Kwa boriti ya chuma iliyobeba lori dakika chache, mimi siridhiki na robo tatu. Nataka usomaji urudi karibu kabisa na ulipoanzia.

## Hatua 7: Soma kile ambacho daraja linasema

Hapa ndipo uwezo hupatikana au hupotea, basi usiwe na haraka.

Mgawanyo wa mzigo. Tuseme boriti tano zinazofanana zimesoma maikrostreni 40, 105, 160, 110 na 45. Jumla ni 460, na boriti ya katikati imebeba 160 kwa 460, yaani takriban asilimia 35. Kama hesabu ilidhani asilimia 50, umepata sehemu ya tofauti kati ya hesabu na vipimo, na sehemu hii ni ya kuaminika, kwa kuwa sakafu itaendelea kugawa mzigo hivyo kesho pia.

Ushirikiano wa boriti na sakafu. Geji ya chini imesoma +160, ya juu −20, na umbali kati yao ni milimita 810. Mahali pasipo na mkazo ni 160 kwa 180 mara 810, yaani milimita 720 juu ya geji ya chini. Boriti ya chuma iliyo sawa juu na chini, ikifanya kazi peke yake, ingekuwa na mahali hapo katikati, kwenye milimita 405 hivi. Kwa hiyo zege ya sakafu inasaidia boriti. Swali linalofuata ni kama imefungwa kwa vishikizo vya chuma, au inashikamana kwa msuguano tu. Msuguano hufanya kazi vizuri chini ya lori la leo, na huweza kuachia ghafla chini ya lori zito zaidi. Kama michoro haina vishikizo, usiuhesabu msaada huu kuwa mali ya daraja.

Maegemeo yaliyoganda. Geji ya chini karibu na egemeo ikisoma mbano mahali ambapo ulitarajia mvuto mdogo, egemeo linazuia boriti kujinyoosha. Daraja huonekana gumu kuliko lilivyo, hadi siku kutu itakapoachia. Ondoa faida hiyo katika hesabu bila huruma. Kuta za pembeni na vizuizi vya magari navyo hukazia boriti za kando, na ubomozi mmoja wa matengenezo unaweza kuufuta msaada huo.

## Hatua 8: Geuza vipimo kuwa uwezo

Mwongozo wa AASHTO, chama cha maofisa wa barabara kuu na usafiri wa majimbo ya Marekani, wa kutathmini madaraja una njia iliyo wazi. Gawa streni iliyokokotolewa kwa iliyopimwa, kisha toa 1. Matokeo yazidishe kwa namba ya tahadhari, ongeza 1, na zidisha uwiano wa uwezo wa awali.

Namba ya tahadhari hutegemea maswali mawili. La kwanza: je, kuna sababu ya kihandisi ya kuamini kwamba mwenendo huu utaendelea hadi mara 1.33 ya mzigo wa gari la kanuni? La pili: athari ya lori lako ilikuwa sehemu gani ya athari ya gari hilo? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, namba ni 0 chini ya asilimia 40, 0.8 kati ya asilimia 40 na 70, na 1.0 juu ya asilimia 70. Likiwa hapana, ni 0 hadi kufikia asilimia 70, na 0.5 tu juu yake.

Mfano: hesabu ilitoa maikrostreni 240, kipimo ni 160. Uwiano ni 1.5, na ukitoa 1 inabaki 0.5. Sakafu inashikwa kwa msuguano, kwa hiyo jibu la kwanza ni hapana, ila lori lilikuwa zito vya kutosha: namba ya tahadhari ni 0.5. Kizidisho kinakuwa 1.25. Daraja lililokuwa na uwiano wa 0.84 sasa lina 1.05, na kibao cha kupunguza uzito kinaweza kuondolewa. Angalia kwamba lori jepesi zaidi, kwenye daraja hilo hilo, lisingebadilisha chochote.

Kipimo kikizidi hesabu, kizidisho kitashuka chini ya 1. Matokeo hayo nayo yaandikwe.

## Ukilazimika kufanya jaribio la uthibitisho

Tofauti kubwa ni ukubwa wa mzigo. AASHTO huanza na kizidisho cha 1.40, kisha hukirekebisha: asilimia 15 zaidi ikiwa njia moja ya magari ndiyo inayotawala, asilimia 10 zaidi kwa muundo usio na njia mbadala ya kubebea mzigo, asilimia 10 zaidi kwa daraja lenye hali mbaya, asilimia 5 pungufu kama ukaguzi wa kina umefanywa, na kadhalika, lakini jibu libaki kati ya 1.3 na 2.2. Daraja lenye sifa zote nne linafikia 1.40 mara 1.30, yaani 1.82. Zidisha tena kwa 1.33 ya mtikiso, upate 2.42.

Kwa lugha ya uwanjani, kuthibitisha gari la tani 20 juu ya daraja kama hilo kunadai mzigo wenye athari ya gari la umbo hilo hilo lenye tani 48 hivi. Linganisha na ile timu iliyovusha lori la tani 30 na kuandika tani 30.

Pandisha mzigo kwa awamu ndogo, ukirudi sifuri kati ya awamu. Tumia mzigo unaoweza kuondolewa haraka, na uwe na njia ya kuuondoa hata gari likizimika darajani. Mabwawa ya maji yaliyo wazi yana mtego, kwa kuwa maji hukimbilia mahali daraja linaponepa na kuongeza mzigo pale pale. Ukisimama kabla ya lengo kwa sababu ya dalili ya kuumia, mzigo uliofikiwa uzidishwe kwa 0.88 kabla ya kuugawa kwa kizidisho kilichorekebishwa.

## Hatua 9: Andika ripoti inayoweza kukaguliwa

Weka ndani yake uzito wa kila ekseli, ramani ya geji, sifuri za kabla na baada, joto, grafu ghafi, na hesabu mbili: ya kabla ya jaribio na ya baada. Taja kila msaada ulioupuuza na sababu yake, na kila kiungo ambacho hakikufungwa geji.

Taja pia mambo yanayofuta matokeo: mafuriko yaliyogusa misingi, gari kugonga boriti, lami mpya kuongezwa juu ya sakafu, maegemeo kubadilishwa, au kutu kupunguza unene wa bamba zaidi ya ulivyopimwa siku ya jaribio. La lami husahauliwa kuliko yote: milimita 50 za ziada juu ya sakafu ya mita 15 kwa 8 ni mita za ujazo 6, zaidi ya tani 13 za uzito wa kudumu ambazo jaribio halikuziona.